Mtoto Niliyemficha Ghalani

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mmeitika vizuri mpaka mabati yametikisika. Naomba muitike hivyo hivyo nitakapomaliza, maana leo sikusimama hapa kuwafurahisha.

Wengi wenu mnanijua. Mimi ni Dorka, mke wa yule fundi wa cherehani wa soko letu hapa Migori. Suruali ikipasuka mnaileta kwetu, na mkichelewa kuichukua ni mimi ninayewatafuta. Mnanijua nikiimba, nikicheka, nikibishana na wateja. Hamjui kwamba mimi niliwahi kufungwa kamba kama ndama, nikaitwa mwendawazimu mchana kweupe, na mtoto wangu wa kwanza akachukuliwa mikononi mwangu. Sijawahi kulisema jambo hili kanisani. Nilijiambia limepita, Bwana amelifunika, basi na lifunikwe.

Lakini Jumapili iliyopita, kwenye mabenchi haya haya, nilisikia maneno yaliyonipandisha mori. Kuna dada yetu hapa mjini amejifungua juzijuzi kwa shida kubwa. Tangu arudi nyumbani hapati usingizi. Anazungumza peke yake na anaogopa vitu ambavyo wengine hawavioni. Mkasimama mmoja mmoja, mkasema ana pepo. Mkasema ni laana ya kwao. Mkasema amefungiwa chumbani na mtoto ameshaondolewa kwake, na mkashukuru! Ndugu zangu, mlimshukuru Mungu kwa sababu mama amenyang'anywa mtoto! Nilirudi nyumbani chakula kikanishinda.

Sitalitaja jina la dada huyo. Mtoto wake mnamsikia. Ndiye huyo anayelia pale nyuma, mgongoni mwa bibi yake. Bibi, nakuomba usitoke naye nje. Kaa tu. Mwache alie, nataka wote tumsikie ninapozungumza.

Na wewe mzee wetu wa kanisa, usiiangalie saa. Ulipopoteza ng'ombe ulishuhudia hapa mpaka ugali ukapoa majumbani mwetu. Huyo alikuwa ng'ombe. Mimi nashuhudia habari ya akili yangu.

Ndugu zangu, nilizaliwa Karungu, ufukoni, nikaolewa Kisegi. Kule kwetu mwanamke akiolewa haitwi tena kwa jina lake, huitwa kwa mahali alikotoka. Kwa hiyo Kisegi mimi nilikuwa Nyar Karungu, yaani binti wa Karungu. Mume wangu alikuwa tayari na cherehani yake hapa Migori, akija nyumbani mara moja moja. Mimi nilikaa kule na mama mkwe, nalima. Katika boma lile alikuwepo pia mke wa kaka mkubwa wa mume wangu, mwanamke mrefu mwenye maneno machache, ametoka kisiwani Mfangano. Tulimwita Nyar Mfangano. Mumewe alikuwa mvuvi, akishinda visiwani na kurudi alipopenda.

Sasa ninyi Wakuria na Wakisii mlio hapa, niwaeleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo hamtaelewa nilivyoteseka. Mvua za kwanza zikinyesha, watu hawakimbilii mashamba ovyo. Mama mkwe huanza kutia mbegu ardhini. Akishapanda yeye, anapanda mke wa mwana wa kwanza, kisha mke wa anayefuata, hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Ukimruka mkubwa wako ukapanda kabla yake, umevunja mwiko. Na mwiko ukivunjwa wanasema inakuja chira. Chira ni kukonda, ni kuugua, ni mtoto kufa, ni jambo lolote baya linaloingia bomani. Ukiingia ugonjwa wowote, watu hawaulizi dawa iko wapi. Wanauliza nani alikosea.

Mimi nilikuwa msomaji wa Biblia, lakini niliuheshimu utaratibu ule. Nilikuwa mgeni. Ungefanya nini?

Mwaka ule ziwa lilipanda. Wazee mnaukumbuka. Mvua zilinyesha bila adabu, maji yakatoka ziwani yakaingia mashambani na hayakurudi. Watu walivua samaki mahali walipokuwa wamelima karanga. Shamba letu mimi na mama mkwe lilikuwa mlimani, likabaki. Shamba la Nyar Mfangano lilikuwa chini, likamezwa lote. Alimwomba mumewe aje amfyekee kipande kipya huko juu, lakini mume alikuwa kisiwani, akisema kesho, akisema wiki ijayo. Mama mkwe alikwisha kupanda. Mimi nikasubiri. Mvua ya kupandia ikawa inapita, nami nasubiri, mimba yangu changa tumboni, natazama shamba tupu.

Asubuhi moja Nyar Mfangano akanijia na kibuyu chake cha mbegu za mtama. Kule kwetu wake wa ndugu huitana nyieka, mke mwenzangu. Akaniambia, "Nyieka, panda. Usinisubiri. Mimi sina shamba, na mbegu hizi zitaoza ndani ya kibuyu. Panda, tutakula sote."

Nikamwuliza, "Na mama je?"

Akasema, "Mama ana mambo mengi mwaka huu. Atadhani nimekwisha kutupa konzi yangu ya mbegu mahali. Panda."

Tulikuwa sisi wawili tu. Nikapanda mtama ule. Ukaota vizuri ajabu, ukazaa, ukavunwa, ukajaza ghala. Na sote tulikula, kama alivyosema. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu mwaka ule kila mtu alikuwa anakimbizana na maji.

Ndugu zangu, ikafika siku yangu ya kujifungua. Uchungu ulianza jua likichomoza, jua likatua, likachomoza tena, mtoto hatoki. Nyumba ilijaa wanawake. Nyar Mfangano alikuwa kichwani kwangu, amenishika mabega na kunifuta jasho. Na hapo ndipo ninapokasirika hata leo! Badala ya kutafuta mtumbwi wa kunipeleka hospitali, wale wanawake waliinama juu yangu wakaanza kuniuliza maswali. Eti mtoto hatoki kwa sababu mama yake anaficha neno. "Sema! Umefanya nini? Ulilala na nani? Umeiba nini? Sema mtoto apate njia!"

Mama zangu, ninyi mmezaa. Niambieni, mwanamke akiwa katika hali ile anaulizwa maswali? Anahukumiwa akiwa amelala chali?

Niliitafuta dhambi yoyote. Nilitaka waniache. Nikasema, "Nilipanda mtama kabla ya Nyar Mfangano." Nilitaka kuongeza kwamba ni yeye mwenyewe aliyeniambia, lakini uchungu ukanikata, pumzi ikaisha. Basi, walichosikia ni hicho tu. Wakashika midomo. Mama mkwe akatoka nje. Nami nikamtazama Nyar Mfangano usoni, kwa maana uso wake ulikuwa juu ya uso wangu, nikamngojea aseme. Hakusema. Aliendelea kunifuta jasho.

Walifurahi, wamepata jibu. Na mtoto je? Mtoto hakutoka! Nilikuwa nimeungama walivyotaka, na mtoto bado amekwama. Hapo ndipo baba mdogo wa mume wangu alipokemea, akasema huyu atafia hapa, leteni mtumbwi. Wakanitia ndani ya mtumbwi kama gunia, wakapiga kasia kuelekea Homa Bay, jua limeniwakia usoni, nami sioni tena vizuri. Hospitalini mtoto alivutwa kwa vyuma. Nilichanika. Nilitoka damu nyingi mpaka masikio yakaziba. Lakini Bwana asifiwe, mtoto alilia! Ilikuwa saa sita mchana, kwa hiyo tukamwita Achieng, yaani aliyezaliwa jua likiwaka. Yule pale mbele, amevaa gauni la manjano alilomshonea babake. Achieng, usijifiche nyuma ya kitabu cha nyimbo.

Tukarudi Kisegi. Mwili ulikuwa unapona, lakini mimi nilikuwa nakwenda mahali pengine. Sijui niwaelezeje. Usingizi ulinikimbia kabisa. Mtoto akilala mimi namsikia analia, nikimwamsha nione, analia kweli. Chakula kilikuwa na ladha ya udongo. Kisha nikaanza kuona maji. Nilikuwa nikitazama sakafu ya nyumba yangu naona ziwa linaingia chini ya mlango, taratibu, linakuja kumchukua mtoto. Nilimhamisha kutoka kona hii mpaka kona ile. Nilimweka juu ya meza. Nilimwambia mama mkwe maji yanaingia. Alinitazama, akatema mate chini, akaondoka. Hakuniuliza hata, "Maji gani?"

Mchana mmoja niliyaona maji yamefika magotini. Naapa mbele za Mungu, niliyaona! Nikambeba Achieng, nikakimbia naye uani, nikainua paa la ghala la mtama, maana lile ghala limesimama juu ya miguu yake, ndicho kitu kilichokuwa juu kuliko vyote bomani. Nikamlaza juu ya mtama, nikamfunika na kanga yangu, nikarudisha paa ili mvua isimpige. Kisha nikasimama chini, mikono nimeitandaza, nizuie ziwa.

Ndugu zangu, mwanamke anayetaka kuua mtoto anamfunika kanga? Lakini walipomkuta kule wakapiga mayowe mpaka boma la pili. "Anataka kumzika mtoto hai!" Na angalieni jinsi walivyounganisha. Mtama ni ule ule niliopanda kwa kuvunja mwiko, na mtoto amekutwa juu yake. Wakasema chira imejitokeza yenyewe, haihitaji shahidi. Waliyafunga mambo yote kwenye fundo moja, wakatosheka!

Achieng akachukuliwa siku ile ile, akapelekwa nyumba ya mama mkwe, akanyweshwa maziwa ya ng'ombe. Mimi nikafungwa kwenye nguzo ya nyumba yangu kwa kamba ya nyavu. Nilimsikia mwanangu akilia ng'ambo ya uwanja, na kila alipolia maziwa yalinitoka yakalowesha nguo mpaka miguuni. Yaliniuma. Kina mama mnajua maumivu yale. Hakuna aliyekuja kunikamua hata kwa huruma, maana walisema maziwa yangu nayo yana chira.

Mganga akaletwa na manyasi yake, majani yaliyosagwa ndani ya maji. Nikanyweshwa, nikapakwa. Na kabla hamjawacheka watu wa mganga, subirini. Kanisa nalo lilikuja! Wazee wa kanisa la kule, na Biblia zao kwapani, walinizunguka wakiniamuru, "Toka! Toka!" Mmoja alinipiga kofi ili pepo lisikie. Mimi nilitamani sana kutoka, ndugu zangu, lakini mlango ulikuwa kule na kamba ilikuwa hapa. Mnacheka? Chekeni tu. Mimi siku ile nilicheka pia, wakasema, mmeona, pepo linacheka.

Nilijaribu kueleza. Nilisema, "Nyar Mfangano ndiye aliyenipa mbegu." Nililisema mara nyingi. Lakini ukishaitwa mwendawazimu, hata ukisema jua limechomoza, mtu atatoka nje kuhakikisha. Walisema sasa anamsingizia mwenzake. Na Nyar Mfangano alikuwa akiniletea uji, ananinywesha bila kunitazama, anaondoka. Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia kuliko mganga, kuliko wazee, kuliko mama mkwe, kwa sababu hao wengine walikuwa hawajui. Yeye alijua.

Mume wangu akaitwa kutoka Migori. Baba Achieng, usiinamishe kichwa, nilikusamehe zamani, lakini leo nitasema. Alifika akanikuta kwenye nguzo. Alisimama mlangoni na kofia yake mkononi, machozi yakamtoka, kisha akageuka kwenda kuwasikiliza wazee. Kamba hakuifungua! Mtu ambaye kazi yake ni mkasi!

Walikaa uwanjani mbele ya nyumba ya mama mkwe. Mimi nikafunguliwa na kuketishwa kando, mikono bado imefungwa. Baba mdogo akaeleza walivyoamua. Nirudishwe kwetu Karungu na wazazi wangu waambiwe nimeharibika. Mtoto abaki, kwa kuwa ni wa boma. Na mume wangu, alivyo kijana bado, atafutiwe mwingine. Hayo yote yalisemwa kwa upole kabisa, kwa sauti ya watu wanaogawana nyama. Mume wangu akaulizwa kama ana neno. Akasema, "Kama wazee mmeona hivyo." Nami nikaulizwa. Nilikuwa natazama maji yakitembea katikati ya viti vyao. Nikasema, "Inueni miguu." Wakatikisa vichwa.

Achieng akalia ndani ya nyumba. Na hapo, ndugu zangu, hapo ndipo Bwana aliposhuka! Hakushuka na upepo. Alishuka na Nyar Mfangano. Aliinuka kutoka kundi la wanawake, na kule kwetu mwanamke haingilii wazee wakiwa wameketi. Alikuwa na kile kibuyu mkononi. Akakiweka chini mbele ya baba mdogo.

Akasema, "Mbegu zilitoka humu. Nilimpa mimi. Alitaka kunisubiri, nikamkataza. Kama ni chira, ni yangu. Chukueni ile kamba mnifunge mimi."

Baba mdogo akamwuliza, "Kwa nini hukusema siku zote hizi?"

Akajibu, "Niliogopa. Nimezika watoto wawili katika boma hili. Mlipowazika mliniangalia mimi. Nilijua mkisikia na hili mtanimaliza. Basi nimalizeni. Siwezi tena kumnywesha uji mtu niliyemwua kwa mdomo uliofungwa."

Kisha akasema jambo ambalo nikilikumbuka nalia. "Na mtama wenyewe mmeula wote. Wewe mzee umekula. Mama amekula. Mimi nimekula. Mbona hatuna wazimu?"

Hakungojea jibu. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mama mkwe, akatoka na Achieng, akaja kuketi mbele yangu chini kwenye vumbi. Akanifungua mikono, akanifungua nguo, akamweka mtoto kifuani pangu, na mikono yake akaiweka juu ya mikono yangu ili mtoto asianguke. Maziwa yalikuwa yamepungua, lakini yalikuwepo. Achieng alishika mara moja, kwa hasira, kana kwamba ananigombeza nilikuwa wapi. Wazee wakageuza nyuso. Mama mkwe alikuwa mlangoni, ameshika mwimo, hakutuzuia.

Na mume wangu? Bwana asifiwe, akili ilimrudia yeye kwanza! Alisimama akasema, "Mke wangu harudi Karungu. Nampeleka hospitali." Akatafuta mtumbwi ule ule. Nyar Mfangano akapanda pamoja nasi bila kuulizwa, akiwa amembeba mtoto, akimshusha kifuani kwangu kila akitaka kunyonya.

Homa Bay walinipokea. Muuguzi mmoja alinisikiliza mpaka nikamaliza habari yote ya maji. Hakucheka wala kukemea. Akasema, "Mama, huu ni ugonjwa. Unawashika kina mama baada ya kuzaa, hasa wakizaa kwa taabu. Una dawa, lakini uvumilie." Ugonjwa! Neno moja tu. Nilikuwa nimeitwa majina yote, na hakuna aliyekuwa ameniita mgonjwa. Mtu mwenye malaria anaona vitu, anapiga kelele, anataka kukimbia, na hakuna anayemfunga kamba na kumtafutia mke mwenza. Anafunikwa blanketi na kupewa kwinini. Kwa nini sisi kina mama tusipewe hata blanketi?

Walinipa vidonge, wakanichoma sindano. Nililala. Nikaamka, nikala, nikalala tena. Haikuwa kazi ya siku moja, na msimsikilize mtu anayewaambia ilikuwa kufumba na kufumbua. Kulikuwa na siku nilizorudi nyuma. Siku hizo Nyar Mfangano alikaa sakafuni kando ya kitanda changu akisuka kikapu, Achieng katikati ya miguu yake. Hakuwahi kuniambia nyamaza. Niliomba pia, jamani. Sikuwa na maneno, nilisema tu, "Bwana, angalia sakafu hii."

Mchana mmoja nikatazama chini na sakafu ilikuwa kavu. Niliona saruji, nikaona na ufa wake, na sisimizi wanapita kwenye ufa. Nikaogopa kuamini. Nikamwuliza, "Nyieka, maji yamekwenda?"

Angeweza kuniambia hayajawahi kuwepo. Mtu mwerevu angeniambia hivyo. Yeye alishika sakafu kwa kiganja chake, akakiangalia, akasema, "Yamekwenda. Lala." Nikalala mpaka jioni, nikaamka nina njaa, nikaomba samaki.

Huo ndio wokovu wangu! Bwana asifiwe! Mama mkwe alikuja hospitali baadaye. Hakuomba msamaha. Alileta kuku, akamweka chini ya kitanda akiwa amefungwa miguu, akaketi mpaka saa ya kuondoka. Muuguzi alikasirika kwa ajili ya yule kuku. Mimi nilimpokea, kwa sababu nilijua ametembea na kuku yule njia yote ile na aibu yake mkononi. Nilipotoka, mume wangu alinileta hapa Migori, na Nyar Mfangano hatukumwacha nyuma kwa muda mrefu. Ndiye yule aliyeketi na Achieng pale mbele. Mumewe naye amehamia, anauza samaki sokoni. Huyu mkewe mnamjua kwa jina la mama wa vikapu. Leo mmemjua vizuri.

Lakini nilipopona, wale wazee wa kule walizunguka wakishuhudia kwamba walinitoa pepo. Hapana! Nakataa mbele yenu! Pepo halikutoka kwa sababu halikuwepo. Aliyetoka ni mwanamke mmoja aliyekuwa amefunga mdomo kwa hofu, akaufungua. Bwana alimtumia huyo, akamtumia muuguzi, akautumia hata ule mtumbwi. Kofi la mzee hakulitumia.

Sasa, ndugu zangu, namaliza. Mnaniambia nimtumaini Yesu. Namtumaini! Niliyeona sakafu ikikauka, nitamtumaini nani mwingine? Wewe nawe uliyelemewa, uliyeitwa majina nyumbani kwako mwenyewe, mtumaini, hajakuacha. Lakini mnataka atushukie na nini leo? Na upepo? Tuko hapa kanisa zima na tumefunga midomo. Kila mmoja wenu anajua yule dada alipitia nini akizaa. Majirani zake mko humu. Mliiona damu. Mkasema laana kwa sababu laana haihitaji mtu kuamka na kubeba mgonjwa.

Bibi, msikilize mtoto. Amelia tangu nilipoanza. Maziwa ya ng'ombe umempa, kumbembeleza umembembeleza, nimekuona, unampenda. Sikulaumu wewe peke yako. Unaogopa. Mama mkwe wangu pia aliogopa. Lakini mtoto huyo hakulilii wewe, na huko kwenye chumba kilichofungwa kuna mtu ambaye nguo yake imelowa kifuani sasa hivi.

Simama, mama. Hutakwenda peke yako. Nyar Mfangano, mwache Achieng kwa babake, njoo umshike mkono. Wewe unajua jinsi ya kukaa chini mbele ya mtu na kuishika mikono yake. Tutakaa naye leo. Kesho tutampeleka hospitali, na mume wangu atafunga cherehani atusindikize, safari hii ataikata kamba yeye mwenyewe kama ipo.

Mchungaji, tuwieni radhi, wimbo wa mwisho mtauimba bila sisi. Fungueni mlango tupite.